Upepo wa Kititimo na Gunia la Mkaa: Hesabu Mbili Zinazopaswa Kukutana

Vipimo vilivyochukuliwa Kititimo, mkoani Singida, katika kimo cha mita 30 kutoka ardhini, vilionyesha kuwa upepo huvuma kwa wastani wa mita 9.9 kwa sekunde, ilhali Makambako, eneo jingine linalosifika kwa upepo nchini Tanzania, wastani uliopatikana ni mita 8.9. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka ikumbukwe kwamba mwendo wa upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake huongezeka mara nane. Kwa kigezo hicho, upepo wa Kititimo unakadiriwa kubeba nishati inayozidi ile ya Makambako kwa zaidi ya theluthi moja. Hata hivyo, ubora wa upepo haujibu peke yake swali zito zaidi, yaani umeme wa upepo huo utabadilisha nini katika maisha ya mkamuaji wa alizeti, ya mchoma mkaa na ya mlipa kodi, na gesijoto zinazochafua anga zitapungua kwa kiasi gani.

Swali hilo lina pande mbili, na kila upande una wataalamu wake. Upande wa kwanza ni modeli ya mfumo wa nishati, programu ya kompyuta inayoingizwa taarifa za mitambo, mafuta, njia za umeme na gharama zake, kisha ikatafuta namna nafuu ya kutosheleza mahitaji ya miaka ijayo. Mojawapo ni MESSAGE, iliyobuniwa katika taasisi ya IIASA nchini Austria na kusambazwa kwa nchi wanachama na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Watafiti wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, wamewahi kuitumia kupima njia za kuzalisha umeme wa Tanzania. Udhaifu wa modeli za aina hii ni kwamba kwa kawaida hupokea mahitaji kama kitu kilichokwisha kuamuliwa, kana kwamba bei ya umeme haigusi uamuzi wa mtu yeyote. Upande wa pili ni modeli ya uchumi, inayojengwa juu ya jedwali la hesabu za jamii, ambamo kila shilingi anayotumia mmoja huandikwa kuwa pato la mwingine. Modeli hii hufahamu mishahara, kodi na bei za mazao, lakini kwayo umeme ni sekta moja tu, isiyo na usiku usio na upepo wala bwawa lililopungua maji.

Mwaka 1977 wanazuoni wa Marekani William Hogan na Alan Manne waliufananisha uchumi na tembo, na nishati na sungura, waliopikwa katika chungu kimoja: ladha ya mchuzi itakuwa ya tembo. Fumbo hilo lina sharti lake, kwa kuwa sungura hubaki mdogo pale tu ambapo uchumi unaweza kubadili nishati kwa kitu kingine bila taabu kubwa.

Singida hulionyesha sharti hilo wazi. Umeme unapokatika, mashine ya kukamulia husimama huku magunia ya alizeti yakiwa yamepangwa hadi darini. Mkamuaji mwenye injini ya dizeli huendelea kwa gharama kubwa zaidi, na ili asipate hasara hupunguza bei anayomlipa mkulima. Mafuta yanayokamuliwa yakipungua, mashudu anayoyategemea mfugaji hupungua pia. Umeme ukiwa nafuu na wa uhakika, mambo hugeuka: kazi hupanuka, mashine huongezwa, na mahitaji ya umeme hupanda kupita makadirio ya awali. Ndiyo maana modeli hizo mbili hubadilishana majibu: ya nishati hutoa bei, ya uchumi hurudisha mahitaji mapya, na duru hurudiwa mpaka majibu yasitofautiane tena. Ziko modeli zilizoyeyushwa kuwa moja, lakini kwa Tanzania njia ya kubadilishana majibu inafaa zaidi, kwa sababu kila namba inayovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine inaweza kuonekana na kuhojiwa.

Namba iliyo ngumu kuliko zote ni ya mkaa. Katika mpango uliowasilishwa Umoja wa Mataifa mwaka 2021, Tanzania iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua zozote; na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati hiyo ifikapo 2034. Sasa ikiwekwa kodi juu ya gesi ya mitungi kwa nia ya kulinda hewa, modeli ya nishati isiyomfahamu mnunuzi itaonyesha mafanikio, ilhali mama wa nyumbani mjini Singida, akikuta mtungi umepanda bei, atarudi kwenye gunia la mkaa, na mti utakaoanguka Manyoni au Itigi hautaonekana katika hesabu hiyo. Biashara ya mkaa kwa sehemu kubwa haipiti katika vitabu rasmi, na jedwali lisiloiona haliwezi kutabiri lolote la kuaminika juu ya misitu.

Singida tayari ni njiapanda ya umeme wa kilovolti 400, kati ya njia itokayo Iringa kuelekea Shinyanga na ile inayokwenda Arusha, Namanga hadi Isinya nchini Kenya. Ukame uliosababisha mgao wa umeme miaka ya 2006, 2011 na 2022 umeonyesha hatari ya kutegemea mito, na Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limeongeza uwezo bila kuiondoa hatari hiyo. Kwa hiyo mpango ujao wa umeme na ahadi ijayo ya tabianchi viandaliwe na wahandisi na wachumi wakiwa meza moja, na gunia la mkaa la Itigi lipewe safu yake katika jedwali.