Sura ya 6: Kwa Nini Neno la Mzazi Hupungua Uzito Ugenini

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tunaitamka methali hii kwa sauti ya onyo, lakini imebeba dhana moja tusiyoitazama mara nyingi: kwamba mama na ulimwengu husema jambo moja. Mtoto akikataa kusikia nyumbani, mjomba, jirani na mwalimu wa madrasa watamrudia yale yale, pengine kwa ukali zaidi. Mzazi aliyehamia nchi ya mbali hana tena msaada huo. Yeye anafunza hivi, shule na barabara zinafunza vile, na wao ndio wengi.

Zitazame familia za Wakongo zilizotoka Kivu Kusini, zikaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, kisha zikapelekwa Marekani. Katika mwaka wa fedha wa 2016 pekee, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote mwaka ule. Wengi wao wanazungumza Kiswahili. Wazazi huingia kazini upesi, kwenye viwanda vya nyama, maghala na usafi wa hoteli, mara nyingi zamu ya usiku. Watoto huingia shule, na baada ya muda si mrefu wanaongea Kiingereza huku mama bado anahangaika na salamu. Barua ikija, mtoto ndiye anayeisoma. Mwenye nyumba akipiga simu, mtoto ndiye anayejibu.

Hapo mamlaka yamekwisha kuhama, hata kama hakuna aliyetangaza. Mama anaweza kusema, "Mimi ndiye niliyekuzaa," na mtoto akanyamaza kwa adabu. Lakini wote wawili wanajua nani anamtegemea nani wakifika dirishani benki. Na barua ya shule inayolalamikia utovu wa nidhamu husomwa na mtuhumiwa mwenyewe, ambaye tafsiri yake, kwa sababu zinazoeleweka, huwa na huruma nyingi.

Wanasosholojia Alejandro Portes na Rubén Rumbaut walilichunguza jambo hili kwa mapana. Kuanzia 1992 waliwafuatilia wanafunzi zaidi ya 5,000 wa familia za wahamiaji katika maeneo ya Miami, Fort Lauderdale na San Diego, wenye asili ya mataifa 77, wakawarudia tena baada ya miaka kadhaa. Katika kitabu chao cha 2001, Legacies, hawaulizi kama familia ya wahamiaji itabadilika, kwa kuwa lazima itabadilika. Wanauliza nani anabadilika kwa kasi gani. Mtoto akimtangulia mzazi kwa mbali, na mzazi akawa hana jamaa wa kumuunga mkono, ulezi hulegea. Familia ikijifunza nchi mpya huku imezungukwa na watu wake na imeishika lugha yake, mzazi hubaki mzazi. Vijana waliozimudu vizuri lugha zote mbili ndio walioelewana zaidi na wazazi wao, na matarajio yao ya masomo yalikuwa ya juu. Mzazi anayekataza Kiswahili nyumbani ili mtoto "asichelewe" anajinyang'anya mwenyewe chombo cha kulelea.

Mfano ninaouona kuwa wazi kuliko yote ni Versailles, mtaa ulio mashariki mwa New Orleans. Baada ya Saigon kuanguka mwaka 1975, wakimbizi Wakatoliki wa Vietnam walipewa makazi huko, katika eneo lenye umaskini. Wengi walikuwa wakimbizi kwa mara ya pili, kwani 1954 walikuwa wamehama kutoka kaskazini ya Vietnam kwenda kusini. Elimu yao ilikuwa ndogo, na Kiingereza chao kibovu. Min Zhou na Carl Bankston, walioandika juu ya mtaa huo mwaka 1998, walikuta watoto wengi wakifaulu shuleni kuliko mtu angetarajia kwa kuangalia kipato cha wazazi. Waliojua kusoma na kuandika Kivietnam, wakashiriki mambo ya jamii yao, ndio waliokuwa na alama nzuri zaidi. Mambo mengi yalizunguka parokia. Bibi aliyelima mboga nyuma ya nyumba alijua mjukuu wa nani kaonekana wapi na nani. Mama aliyesema "soma" hakuwa anasema peke yake.

Maisha hayo yana gharama. Kuchungwa na mtaa mzima huchosha, na kijana aliyejitenga alibaki nje kweli kweli. Watafiti hao waliona wazi kwamba vijana wa Versailles walikuwa wakigawanyika pande mbili, wenye kufaulu sana na wenye kupotea. Hata hivyo, kilichojengwa pale kilidumu. Kimbunga Katrina kilipopita mwaka 2005, wakazi wa Versailles walikuwa miongoni mwa wa kwanza kurudi, na mwaka uliofuata wazee na vijana walisimama pamoja kupinga jalala lililofunguliwa karibu na makazi yao, mpaka likafungwa.

Kuna wosia mmoja ambao takriban kila mzazi mhamaji hutoa: "Wewe hujui shida." Ni kweli, na ndiyo sababu haufiki. Carola na Marcelo Suárez-Orozco, watafiti wa watoto wahamiaji, wameeleza kwamba mzazi huyapima maisha yake ya sasa kwa yale aliyoyaacha. Zamu ya usiku ghalani ni afadhali kuliko foleni ya mgao wa unga kambini. Mtoto aliyekulia ugenini hana foleni ya kukumbuka. Anajilinganisha na mwenzake wa darasani, na katika ulinganisho huo yeye ndiye mwenye dhiki.

Basi msimulie hiyo foleni. Wanasaikolojia Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory walitunga maswali 20 ya kuwauliza watoto: babu na bibi walikulia wapi, wazazi walikutanaje, ni msiba gani uliipata familia. Waliojua zaidi walijithamini zaidi na kuhisi wana uwezo juu ya maisha yao. Familia zile zilikuwa chache na hazikuwa za wahamiaji, kwa hiyo nisiyavute matokeo hayo mbali mno. Ila kwa jinsi ninavyoona, kisa cha usiku mliovuka Ziwa Tanganyika, pamoja na hofu yake na makosa yake, hufundisha kuliko hotuba ya uvumilivu.

La mwisho ni la vitendo, nalo nakuomba ulichukue leo. Nchini Marekani, shule zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu, chini ya sheria ya haki za kiraia ya 1964, kumpa mzazi taarifa muhimu kwa lugha anayoielewa. Kanuni za sheria ya afya ya 2010 nazo haziruhusu hospitali kumtegemea mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Ukiitwa shuleni au ukifika kwa daktari, sema kwanza, "Naomba mkalimani wa Kiswahili," na mwanao mwache akae pembeni kama watoto wengine.