Vifaranga Wanaoumwa na Vidonge vya Mgonjwa: Utambuzi na Tiba katika Kaya za Bukoba na Muleba

Katika kliniki moja ya tiba na matunzo wilayani Muleba nilimhudumia mama ambaye kwa miaka mingi alikuwa mfano mzuri wa kuzingatia dawa. Siku hiyo hesabu ya vidonge vyake vya septrini haikulingana: vilikuwa vimekwisha siku kumi na mbili kabla ya tarehe. Nilipomuuliza, aliinamisha uso, kisha akasema, "Daktari, niliwapa vifaranga." Kuku wake wawili walikuwa wameangua vifaranga kumi na tisa. Walipoanza kuhara damu, jirani alimweleza kwamba septrini iliwaponya wa kwake.

Jirani hakusema uongo, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Septrini ina dawa ya jamii ya salfa, na salfa huweza kuzuia koksidia, yaani vimelea wanaosababisha kuhara damu kwa vifaranga. Kwa hiyo kidonge cha binadamu huonekana kufanya kazi mara mojamoja, na habari huenea kijiji kizima. Lakini anayekisaga jikoni hajui kipimo kinachomfaa kifaranga mwenye uzito wa gramu mia. Mabaki ya dawa huingia katika nyama na mayai, na bakteria waliomo uani, wa kuku na wa watu, huizoea dawa na kuwa sugu. Zaidi ya yote, mtu anayeishi na VVU huandikiwa septrini ili imkinge na aina mbaya ya nimonia, toksoplazima na baadhi ya magonjwa ya kuhara. Siku kumi na mbili bila dawa si jambo dogo, hasa kwa mtu ambaye kinga yake iko chini.

Namna bora ya kulinda vidonge vya mgonjwa ni kujua vifaranga wanaumwa nini. Mfugaji aanze na mambo mawili: umri na kinyesi.

Kifaranga wa wiki mbili au tatu za mwanzo mwenye kinyesi cheupe kilichoganda sehemu ya haja aelekea kuwa na pulorumu, ugonjwa wa bakteria jamii ya salmonela ambao mara nyingi hutoka kwa mama yake kupitia yai. Wanaopona huweza kubaki wabebaji maisha yao yote. Mayai yao yasiatamiwe. Kifaranga wa wiki tatu hadi sita anayehara damu, aliyejikunyata na kuteremsha mabawa, afikiriwe kuwa na koksidia. Katika umri huohuo kuna Gumboro, ugonjwa wa virusi: kuhara majimaji meupe, kujidonoa sehemu ya haja, vifo vingi kwa siku chache, kisha vinapungua. Vipele vyenye magamba kuzunguka macho na mdomo ni ndui. Mara nyingi kifaranga hufa kwa njaa kwa sababu macho yamefunga na haoni chakula.

Si kila anayejikunyata ni mgonjwa. Katika wiki ya kwanza kifaranga huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Usiku wa Kamachumu hauko karibu na joto hilo, na vifaranga waliotengwa na mama yao hurundikana na kufa kwa baridi huku mwenyewe akitafuta dawa. Jiko la mkaa lililofunikwa vizuri, lenye nafasi ya hewa kupita, huponya "ugonjwa" huo.

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, hakichagui umri. Dalili zake ni kusinzia, kuhara kijani, kuhema kwa shida, shingo kupinda na kupooza. Banda zima huweza kwisha kwa siku chache. Ni ugonjwa wa virusi na hauna tiba. Mwaka 2023 nchini Uganda, jirani zetu wa kaskazini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walieleza kwamba walikuta mabaki ya dawa za kufubaza VVU katika nyama ya kuku na ya nguruwe. Anayewapa kuku dawa hizo huwaza kwamba kirusi ni kirusi. Sivyo. Dawa hizo hulenga vimeng'enya ambavyo VVU anavyo na kirusi cha kideri hakina. Kuku hafaidiki chochote, na mgonjwa hupoteza dozi.

Kinachofaa ni chanjo. Chanjo ya I-2 inayotengenezwa hapa nchini hustahimili joto kuliko zile za zamani, ingawa nayo huhifadhiwa mahali pa baridi na kukingwa na jua. Ni tone moja katika jicho moja, kwa kuku mzima wa afya, likirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja hutosha kuku wengi, hivyo majirani wapange siku moja. Sina ugomvi na shubiri na pilipili kichaa katika maji ya kuku, mradi visichukue nafasi ya tone hilo.

Kwa koksidia, dawa iliyokusudiwa ni amproliamu, inayopatikana katika maduka ya dawa za mifugo. Huchanganywa katika maji ya kunywa kwa siku tano hadi saba, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Kwa kuwa hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini B1, mfugaji asichanganye vitamini hiyo katika maji hayohayo. Dawa pekee haitoshi. Mayai ya kimelea huiva ndani ya siku moja au mbili kwenye unyevu, na Bukoba haikosi mvua. Maranda yaliyolowa yaondolewe, na chombo cha maji kiinuliwe juu ya kinyesi.

Koksidia wa kuku hawamwambukizi binadamu. Salmonela wengine na kampilobakta humwambukiza, na wanaoumia zaidi ni watoto wanaotambaa katika nyumba ambamo kuku hulala ndani. Wapo pia wanaoogopa kwamba homa ya matumbo ya kuku ndiyo taifodi yetu. Bakteria wa taifodi hukaa kwa binadamu peke yake. Anayechanja au kushika kuku wenye kideri huweza kupata macho mekundu ya siku chache, basi anawe mikono kabla ya kujigusa uso.

Wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, mtoto aliyeletwa kwa kuhara aulizwe kuku hulala wapi na kama wanaumwa. Mgonjwa ambaye vidonge vyake vimepungua aulizwe vilikwenda wapi, bila kukaripiwa. Akikaripiwa, safari ijayo atatuletea hesabu iliyonyooka na isiyo ya kweli. Vifo vya ghafla vya kuku wengi viarifiwe kwa afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo, na mizoga izikwe, isiliwe wala kutupwa migombani.

Mama yule aliongezewa vidonge, akapewa namba ya afisa mifugo wa kata yake. Kati ya vifaranga kumi na tisa, saba walifika umri wa kutaga.