Mawingu Yetu Yanaenda kwa Nani?



Kila mwaka, Juni mpaka Septemba, hapa Ngaremara tunakula vumbi. Upepo unavuma, mawingu yanapita juu yetu, na mvua hakuna. Wengi tunauliza: haya mawingu yanaenda kwa nani? Hebu tueleze.

Miezi hiyo jua liko kaskazini, na nchi ya India inapata joto kushinda bahari. Hewa moto hupanda, na nyingine hukimbilia kuchukua nafasi yake. Kwa hivyo upepo hutoka kusini mwa Bahari ya Hindi, hupita pwani ya Kenya na Somalia, kisha hukata kona kwenda India. Watu wa pwani huuita kusi. Mwaka 1969 mtaalamu John Findlater alieleza jinsi unavyokimbia kama mto wa hewa. Maji ya bahari unayamwaga India.

Mkondo mwingine uko karibu nasi. Kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna nafasi kama mlango. Upepo ukibanwa hapo huenda mbio, kama maji kwa mfereji mwembamba. Watafiti Kinuthia na Asnani waliueleza mwaka 1982. Ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme upande wa Loiyangalani. Lakini hewa ikikimbia bila kupanda, haileti mvua.

Mvua yetu ni ya Machi mpaka Mei, na Oktoba mpaka Desemba. Wakati huo pepo za kusini na za kaskazini hukutana huku kwetu, hewa inapanda, inanyesha. Maji moto ya bahari yakisogea upande wa Indonesia, mvua inayafuata. Ndivyo ilivyokuwa 2020 hadi 2022: misimu 5 mfululizo ilikosa mvua, na mifugo ikaisha. Yakisogea upande wetu, kama 1997 na 2019, tunapata mafuriko.

Basi tufanye nini?

1. Kabla ya Machi na Oktoba, kikundi kitume mtu Isiolo kwa ofisi ya hali ya hewa, aulize utabiri wa msimu.

2. Akiambiwa mvua ni kidogo, tuuze mifugo kadhaa mapema, ikiwa bado na nyama na bei. Pesa tuweke pamoja.

3. Akiambiwa ni nyingi, tuchimbue silanga na tuhamishe maboma yaliyo karibu na laga.

Utabiri unaweza kukosea, ndiyo. Lakini mbuzi aliyekonda hana mnunuzi.

Ya kujadili mkutanoni: ni nani wetu ataenda Isiolo, na nauli itatoka wapi?