Mpira wa Sufuria ya Presha: Mdogo kwa Umbo, Mkubwa kwa Kazi

Wengi wetu tunatoka nyumba ambazo maharagwe na githeri hupikwa kwa sufuria ya presha. Sufuria hiyo ikianza kuvuja mvuke pembeni, utasikia watu wakisema imezeeka, inunuliwe nyingine. La hasha! Aghalabu kilichozeeka ni ule mpira wa duara ulio kwenye ukingo wa kifuniko, nao hubadilishwa nyumbani bila kumwita fundi. Kwetu kazi hiyo ni yangu, kwa hivyo nimeona heri niieleze.

Mpira huu una kazi gani? Tuliosoma fizikia tunajua kuwa maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Mombasa, kando ya bahari, huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni karibu nyuzi 94, na Nyahururu karibu 92. Hata ukizidisha moto, maji yatakauka tu. Joto halipandi zaidi. Ndiyo maana maharagwe huchelewa kuiva huku bara. Sufuria ya presha huufungia mvuke ndani, msukumo ukaongezeka, na joto likakaribia nyuzi 120. Mpira ukichoka mvuke hutoroka, kile kidude kizito cha juu hakipigi mbinja, gesi inaisha na chakula bado ni kigumu.

Sasa, utajuaje kwamba mpira umechoka? Utoe uukunje kidogo. Ukiwa mgumu, una nyufa, au umelegea hadi unaanguka wenyewe kutoka kwenye kifuniko, siku zake zimekwisha. Lakini tazama vizuri: wakati mwingine ni mabaki ya chakula tu yaliyoganda ukingoni. Hayo yaoshe kwa sabuni na brashi, ujaribu tena.

Kazi yenyewe ni hii:

1. Zima moto, acha sufuria ipoe na mvuke wote utoke. Kifuniko kikikataa kufunguka, usikilazimishe.
2. Toa mpira wa zamani, osha mahali ulipokuwa, kisha pakaushe.
3. Nenda dukani na mpira huo mkononi, na ujue aina ya sufuria na ujazo wake. Mpira wa lita 5 si lazima uingie kwenye sufuria ya lita 7.
4. Ingiza mpira mpya pole pole, uzunguke wote bila kujikunja popote.
5. Inua kifuniko kwenye mwanga, uchungulie kile kitundu cha mvuke. Kikiwa kimeziba, kizibue.
6. Jaribu kwa maji matupu, vikombe viwili hivi. Mvuke ukipita juu tu na pembeni pakawa pakavu, umefaulu.

Kuna watu hukata tyubu ya baiskeli au kuzungushia kamba ukingoni, eti ni maarifa. Jamani, hayo si maarifa! Kifuniko chenye upana wa sentimita 20 husukumwa na mvuke kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 300. Hayo ni magunia matatu ya mahindi ya kilo 90, na zaidi. Tyubu haikuundwa kwa joto hilo wala kwa chakula. Ikiachia ghafla, mvuke utamchoma aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi ni mama au ndugu yako mdogo.

Ukimaliza kupika, osha mpira, ukaushe, na usiweke sufuria ikiwa imefungwa kabisa. Hivyo utadumu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi mkienda likizo, kabla hamjaulizia chakula, ukagueni kwanza mpira wa sufuria.