Fahamu: Je, mwenye kifafa anaweza kunyanyua vyuma?

Wengi wanaweza. Kwa miaka mingi waliambiwa wakae pembeni, kwa hofu kwamba kuhema kungeamsha kifafa. Hofu hiyo ina chanzo: mtu akihema kwa kasi akiwa ametulia, kabonidayoksaidi hupungua kwenye damu, na hapo baadhi ya wenye kifafa hupatwa na shambulio. Madaktari hutumia njia hiyo wanapopima umeme wa ubongo. Mazoezini mambo ni tofauti. Misuli huzalisha gesi hiyo kwa wingi, na kuhema huondoa ile iliyozidi.

Huko São Paulo, Brazil, watafiti waliwapandisha ngazi panya wenye kifafa, wakiwa wamefungiwa uzito mkiani. Matokeo ya 2012 yalionyesha kifafa kiliwapata mara chache zaidi. Panya si binadamu, kwa hiyo mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Lakini kumnyima kijana uwanja kwa sababu tu ana kifafa ni kumdhulumu.

Muone daktari kwanza. Usiruke dozi, lala vya kutosha, na usinyanyue vyuma wala kuogelea bila mtu wa kukuangalia.