Seli za ngamia: umbo huifuata kazi

Leo tunaelekea Dubai, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako tarehe 8 Aprili mwaka 2009 alizaliwa Injaz, ngamia jike aliyekuwa wa kwanza duniani kuzalishwa kwa kunakili seli ya mnyama mwingine. Ili tufahamu jinsi jambo hilo lilivyowezekana, hatuna budi kwanza kutazama namna seli zinavyogawana kazi.

Mwili wa mnyama huanza na seli moja tu. Seli hiyo hugawanyika tena na tena, na kila kundi la seli huchukua umbo linaloafiki kazi yake. Seli ya neva huwa na uzi mrefu wa kupeleka habari, seli ya msuli hujaa nyuzi za protini zinazoweza kujikaza, na seli ya mafuta huwa mithili ya ghala. Nundu ya ngamia, kinyume na wanavyodhani wengi, haina maji bali imejaa mafuta.

Ama mfano ulio bora zaidi ni chembe nyekundu za damu. Kwa binadamu chembe hizo ni za mviringo, ilhali za ngamia zina umbo la yai. Ngamia aliyeshikwa na kiu anaweza kupoteza robo ya uzito wake, na damu inapokuwa nzito, umbo hilo huzisaidia chembe kupita katika mishipa myembamba. Akipata kisima, hunywa lita mia moja katika muda wa dakika kumi hivi. Maji yakiingia katika damu, chembe zake huweza kuvimba hadi zaidi ya mara mbili ya ujazo wake bila ya kupasuka. Utando wake una protini nyingi kuliko ule wa chembe za binadamu.

Chembe nyekundu za mamalia zikishakomaa hutupa kiini chake ili kupata nafasi ya himoglobini inayobeba oksijeni. Kwa hiyo haziwezi kugawanyika, wala mnyama hawezi kunakiliwa kutokana nazo.

Ndiyo maana wataalamu wa Dubai walitumia seli za ovari ya ngamia aliyekuwa amechinjwa. Kiini cha seli hiyo kiliwekwa katika yai lililoondolewa kiini chake, na ngamia mwingine akaibeba mimba kwa siku 378. Injaz alidhihirisha kwamba seli iliyokwisha kubobea katika kazi moja bado inahifadhi maagizo ya kuujenga mwili mzima. Yale yasiyohitajika huwa yamefungwa tu, hayakufutwa.

Katika nchi za Ghuba, elimu hii inahusu ngamia wa mashindano wenye thamani kubwa. Kwa wafugaji wa Marsabit na Wajir nchini Kenya, inahusu uhai wenyewe. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 uliangamiza ng'ombe wengi, na ngamia walistahimili kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo, seli hustahimili kiu kwa kipimo. Malisho yakiisha na nundu ikanyauka, ngamia naye hufa.