Stenlesi haitaki kubembelezwa

Mambo madogo ndiyo yanayotugharimu. Hivi karibuni jirani yangu alinunua sinki la stenlesi lisilo na tundu la bomba. Akaita fundi, naye akaja na drili yake ya mkono. Baada ya robo saa jikoni kulijaa moshi, biti tatu zimeungua ncha, na juu ya sinki pana doa la buluu tu. Fundi akalaumu biti, mwenye sinki akamlaumu fundi, na malipo yakawa ugomvi.

Je, kosa ni la nani? Tuanze na chuma chenyewe. Stenlesi ni chuma cha pua kilichochanganywa na kromiamu, isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Kromiamu hiyo hujenga utando mwembamba usioonekana kwa macho, nao ndio unaozuia kutu. Tazama kijiko chako: ukiona kimeandikwa 18/8, maana yake ni kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Masinki mengi ni ya jamii hiyo.

Chuma hiki kina tabia mbili. Kwanza, kikisuguliwa bila kukatwa, uso wake huzidi kuwa mgumu. Pili, hupitisha joto kwa kiasi cha theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, hivyo joto hubaki pale pale kwenye ncha ya biti. Fundi anayezungusha drili kwa kasi huku akigusa kwa woga anafanya makosa mawili kwa mpigo: anakikomaza chuma na anailainisha biti. Akileta biti mpya, anakuta pagumu kuliko mwanzo.

Dawa yake ni kupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Drili nyingi za mkono hufikia mizunguko 2,500 kwa dakika au zaidi; biti ya milimita 10 haifai kuzidi 500 hivi. Sukuma kwa uzito wa mwili bila kuachia, na tia mafuta ya kukatia tangu mwanzo. Ukiona chuma kinatoka kama utepe uliojikunja, unakata. Ukiona unga na moshi, simama; unasugua. Biti nayo iwe ya kobalti, ambayo kwa kawaida huandikwa HSS-Co. Bei yake ni kubwa, lakini moja huweza kutoboa pale ambapo za kawaida zimeungua zote.

Kabla ya kuanza, weka alama kwa senta panchi, lakini gonga kidogo tu, maana kugonga sana nako hukomaza chuma. Weka ubao chini ya bati ili lisibonyee, na libane kwa jiriwa. Biti inapotokeza upande wa pili hunasa, na bati lisilobanwa huzunguka kama panga. Vaa miwani ya kinga, na vua glavu, kwa kuwa biti ikinasa kitambaa huvuta na mkono. Kwa tundu kubwa la bomba, anza na biti ndogo, kisha tumia msumeno wa duara kwa mwendo wa polepole zaidi.

Yule fundi alirudi kesho yake na biti moja ya kobalti na kikopo cha mafuta. Alianzia upande wa chini, ambako uso ulikuwa haujakomaa, na tundu likapatikana. Alilipwa, lakini biti tatu alizounguza zilikuwa zimekwisha kumla sehemu kubwa ya ujira wake.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwa stenlesi tuongeze kwamba hata polepole isiyo na nguvu haina baraka.